Kusoma ni Bure Kabisa

Klabu ya Wasomaji wa Mbotela ilikuwa na kila kitu ambacho klabu yenye heshima huwa nacho. Ilikuwa na chairlady, katibu, na mama wa mipango. Ilikuwa na kundi la WhatsApp lililojaa picha za maua na salamu za wiki njema. Ilikuwa na maombi ya kufungua na maombi ya kufunga. Kitu kimoja tu ndicho kilikosekana, nacho ni mtu wa kusoma.

Chairlady alikuwa Kezia, ambaye mtaani wanamwita Mama Shiru. Kazi yake ni ya mapokezi kwa daktari mmoja wa meno kando ya Jogoo Road, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuwaambia watu kwamba haitauma. Baada ya miaka mingi ya kusema uongo huo kwa uso mtulivu, Kezia alikuwa ameiva kwa uongozi.

Mambo yalianzia nyumbani kwake. Nyumba ya Kezia ni chumba kimoja na pazia. Upande huu wa pazia kuna televisheni, upande ule kuna binti yake Shiru na simu, na katikati kuna mama mkwe, shosho yake Shiru, anayewaombea wote wawili kwa sauti. Kezia alipenda vitabu tangu akiwa msichana. Lakini mwanamke wa Mbotela akionekana ameketi na kitabu, mtaa mzima unaelewa kwamba hana kazi, na kwa wema wao wanamtafutia.

"Mama Shiru, kwa vile umekaa tu, nishikie huyu mtoto."

"Mama Shiru, kwa vile hufanyi kitu, niangalizie maharagwe."

Kuna kitabu alikisoma ukurasa mmoja kwa muda mrefu sana, na mtu angemuuliza kinahusu nini, angejibu kwamba kinahusu maharagwe.

Alichotaka ni kiti. Kiti kimoja tu, ndani ya chumba chenye mlango, mahali mtu anakaa na kitabu na hatumwi popote. Sasa, huwezi kumwendea mwenyekiti wa mtaa ukaomba kiti cha kukaa peke yako. Atadhani una ugonjwa, au una mambo. Lakini ukiomba mradi wa jamii, anakupa stoo.

Stoo yenyewe ilikuwa nyuma ya ukumbi wa mtaa. Kezia aliisafisha pamoja na wenzake wawili wa kujitolea. Wa kwanza ni Jacklyne Adoyo, muuza vitenge wa soko la Jericho, mama ambaye hawezi kuona shughuli yoyote, hata ya kuzibua mtaro, bila kuuliza sare itakuwa rangi gani. Wa pili ni Mzee Zedekiah, mstaafu wa Reli. Zedekiah aliacha kazi zamani, lakini kanuni za kazi zilikataa kumwacha. Alikuwa akisema "point of order" hata akiwa peke yake bafuni.

Vitabu havikusumbua kupatikana. Ukiwaomba watu wa huku kwetu Eastlands vitabu, wanakuletea vyote vya marudio ya mtihani, tena mbio mbio, kama mtu anayemrudisha paka aliyemla kuku. Katikati ya hayo marudio kulikuwa na riwaya chache, nyingi zikiwa zimepoteza jalada njiani, na jina likaenda na jalada.

Rafu zikajaa. Viti vikapangwa. Watoto walikuja siku ya ufunguzi, wakauliza kama kuna maziwa, wakaambiwa kuna hadithi, wakaenda zao. Watu wazima hawakuja hata kuuliza maziwa.

Mwenye akili angejua sababu. Hapa kwetu neno kusoma lina mizigo. Mtu mzima akiingia kwenye chumba kilichoandikwa "kusoma", majirani wanajua amejiunga na ngumbaru, ile shule ya wazee waliokosa kujua a-e-i-o-u wakiwa wadogo, na habari zinafika kwa wakwe kabla hajatoka. Na kama ni kijana anayejulikana amemaliza shule, ni mbaya zaidi. Akionekana na kitabu, anaulizwa kwa huruma, "Kwani unarudia mtihani gani?" Hakuna aliyewahi kufikiria kwamba mtu anaweza kufungua kitabu bila kutishwa.

Basi chumba kikakaa kitupu, na chumba kitupu Nairobi ni kama mfupa mbele ya mbwa. Mwenyekiti wa mtaa, Muriuki, alikuja kumwona Kezia. Muriuki ni mtu mpole sana, hasa wakati anakunyang'anya kitu.

"Mama Shiru, mimi sina ubaya na vitabu. Hata mimi nilisoma."

"Najua, chairman."

"Lakini chumba ni chumba. Chumba kinataka watu."

"Watakuja."

"Watoto?"

"Hata watu wazima."

"Hao ndio nataka kuona. Watoto wanasomeshwa na serikali. Jumamosi nikipita hapa jioni, nikute watu wazima wameketi wanasoma. Nikikosa, vijana wataingiza ile meza." Akapumua kwa huzuni. "Na nitasikitika sana, Mama Shiru. Sitalala."

Meza ilikuwa ya pool, yake mwenyewe, na tayari alikuwa ameiweka kwenye veranda ya ukumbi ikiwa imefunikwa nailoni. Ilikuwa inangoja pale kama mrithi aliyeketi nje ya wodi, anauliza mgonjwa ameamkaje.

Kezia hakulala siku hiyo. Muriuki alilala.

Kamati ikakutana haraka kuamua tangazo. Jacklyne alileta kipande cha kitambaa cha manjano kilichobaki kwenye vitenge vyake. Zedekiah alileta hoja.

"Tuandike 'Karibuni tusome kwa furaha,'" Kezia akasema.

"Furaha ya nani?" Zedekiah akauliza. "Tangazo halifai kuahidi kitu hatuna."

"Mimi naona tuseme hakuna pesa," Jacklyne akasema. "Mtu wa huku hata ukimwonyesha mbinguni atauliza kwanza ni ngapi."

Hapo wote wakakubaliana. Maneno yakapitishwa: KUSOMA BILA MALIPO. Zedekiah akayapeleka Shauri Moyo kwa fundi wa mabango, shemeji yake, anayeitwa Owuor. Owuor ni fundi mzuri, ila ana msimamo wake. Haandiki herufi ndogo. Anasema herufi ndogo ni za madaktari na watu wenye deni.

Kesho yake Owuor akapiga simu.

"Shemeji, kitambaa chako ni chembamba. Nimeandika 'kusoma' juu, imekaa vizuri. Lakini hii 'bila malipo' inakatika katikati. Inasomeka 'kusoma bila mali', halafu 'po' inashuka chini peke yake."

Zedekiah akafikiria. "'Kusoma bila mali' ni kweli kabisa, lakini si ujumbe wetu."

"Basi niweke 'ni bure'?"

"Bure ni neno safi. Weka."

Owuor akaweka. Akatazama kazi yake, akaona mstari wa chini umebaki wazi. Na kwa vile alikuwa shemeji, akawaongezea neno moja la bwerere, vile mama mboga anakuongezea tawi la dania.

Ijumaa bango likafika na kamati ikalikagua. Jacklyne alikagua rangi. Zedekiah alikagua herufi moja moja akiwa amevaa miwani, akatangaza hakuna kosa hata moja, na ni kweli, hakuna herufi iliyokosewa. Kezia alikagua kamba. Klabu nzima ya wasomaji ilisimama chini ya maneno manne, na hakuna aliyeyasoma. Wakalitundika juu ya mlango wa ukumbi, likiangalia barabara.

Jumamosi mchana Kezia akafungua chumba, akapanguza viti, akasimama mlangoni mwa ukumbi na ule uso wake wa haitauma. Na hapo akaanza kuona mambo.

Watu waliokuwa wakipita walisimama. Walisoma bango, wakatikisa kichwa polepole, kama watu wanaosikia mahubiri yanayowahusu. Baba mmoja akavua kofia. Wanyonyi, mwendesha boda ambaye kila mtu anajua ana digrii ya ualimu kwa sababu huwa anasahihisha Kiswahili cha abiria, alisimamisha pikipiki, akasoma, akapiga honi mpaka mbwa wakajibu. Kisha akaegesha na kuingia.

Halafu wakaingia wengine. Chumba kikaanza kujaa watu wazima, wengi wao vijana wa miaka thelathini na kitu. Jacklyne akaanza kulia machozi ya furaha.

"Nilisema rangi ya manjano inaita watu," akasema.

Wa mwisho kuingia alikuwa Maina, anayeuza soseji za smokie na mayai pale stegi ya matatu. Akamshika Kezia mkono kwa mikono yake miwili.

"Mathee, Mungu akubariki. Umetusemea."

"Nimesema nini, Maina?"

"Hiyo ya hapo nje. Sisi tumeijua miaka mingi, lakini hakuna mtu mzima amewahi kusimama akaiandika. Tena kwa herufi kubwa!"

Kezia akatoka nje akitabasamu. Akainua macho, na kwa mara ya kwanza tangu bango litundikwe, akalisoma.

KUSOMA
NI BURE
KABISA!

Tabasamu likabaki usoni kama kiatu kilichosahauliwa na mwenyewe. Bure kabisa. Ndiyo maneno ambayo mama mkwe wake anayatumia kumhusu shemeji fulani aliyeuza shamba akanunua suti. "Yule? Yule ni mtu bure kabisa." Kwa Kiswahili cha kamati, bango lilisema hakuna kulipa. Kwa Kiswahili cha Jogoo Road, lilisema kusoma ni takataka, hakuna faida, tulidanganywa.

Akarudi ndani. Maina alikuwa tayari amesimama anahutubia.

"Mimi niko na digrii ya takwimu. Mzee wangu aliuza ng'ombe wawili. Sasa hivi nahesabu smokie! Zikiwa chache, nazijumlisha. Zikiisha, natoa wastani!"

"Pole, buda!" wakaitikia.

Akasimama Shirleen, dada wa mitumba Gikomba mwenye diploma ya utalii. "Mimi niliambiwa nitapokea wageni kutoka ng'ambo. Na nawapokea. Wanakuja kwa bale, wamekunjwa, wengine hawana vifungo."

Watu wakacheka mpaka rafu zikatikisika. Ilikuwa shangwe kubwa kuliko zote zilizowahi kusikika katika historia ya klabu, na kila aliyekuwemo alikuwa amekuja kuishtaki.

Hapo Zedekiah akasimama. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona treni mbili kwenye reli moja.

"Point of order! Ndugu zangu, kuna jambo la lugha hapa ambalo ni lazima..."

Kezia akamkanyaga mguu. Hakumkanyaga kwa hasira. Alimkanyaga vile mtu anakanyaga breki.

"Mzee ataongea mwisho," akasema.

"Lakini Mama Shiru, ukweli..."

"Ukweli tumeupangia mwisho, mzee. Iko kwenye ajenda."

Kwa kanuni zake Zedekiah hawezi kupinga ajenda. Akaketi.

Kezia akawatazama. Akiwaambia ukweli, wataondoka, na veranda iko karibu. Asipowaambia, Muriuki atakuta mkutano wa hadhara wa kulaani vitabu, na huo ni mkutano unaoweza kufanyika vizuri tu kando ya meza ya pool. Ilikuwa lazima wawe na vitabu mikononi. Akakohoa.

"Mnasema kusoma ni bure kabisa."

"Kabisa!"

"Mna ushahidi?"

"Ushahidi ndio huu umesimama," Maina akasema, akijipiga kifua.

"Wewe ni ushahidi wa shule, Maina. Shule ilikukosea, na ng'ombe wa baba yako pia iliwakosea. Lakini kitabu chenyewe kilikufanyia nini? Umeshasoma kimoja ambacho hukuulizwa maswali mwishoni?"

Maina akahesabu kwa vidole, akafika sifuri.

"Basi tusihukumu bure," Kezia akasema, kisha akatamani asingetumia hilo neno. "Kila mtu achukue kimoja pale, atafute upuzi ulioko ndani. Akiupata, atusomee. Tutawaaibisha waandishi hapa hapa."

Wazo likapendwa sana. Hakuna kitu kinachomfurahisha mtu wa Eastlands kama kutafuta makosa ya mtu ambaye hayuko. Wakakimbilia rafu. Wengine waliomba biro za kupigia mistari. Wanyonyi alipata kosa la sarufi kabla hajaketi, akalia kwa furaha. Kisha kila mmoja akainamia kitabu chake, na kukawa na kimya kile kikali cha watu wanaotafuta ubaya.

Maina ndiye wa kwanza kupata. Alikuwa na riwaya moja nene isiyo na jalada.

"Haya, sikieni hii takataka! Kuna mama mjane. Siku ya kumzika bwanake, watu wote wamefika, chakula kiko jikoni, yeye anatoroka. Na anatoroka na nani? Na dereva wa gari la maiti!"

"Wee!"

"Sasa hiyo ni akili? Nani anaandika kitu kama hiyo?"

"Na maiti?" Wanyonyi akauliza.

"Maiti gani?"

"Buda, dereva ametoroka na gari. Maiti ilikuwa ndani ama nje?"

Maina akarudi kwenye ukurasa. Akasoma. Nyusi zikapanda. "Ilikuwa ndani."

"Ati walitoroka na marehemu?" Jacklyne akasimama. "Kwenda naye wapi? Mtu hajazikwa kwao! Soma mbele, soma mbele haraka!"

"Nasoma ili kuonyesha upuzi," Maina akawakumbusha.

"Onyesha basi! Onyesha kwa sauti!"

Akaonyesha kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa. Gari la maiti likapita mizani, likasimamishwa na polisi, mjane akasema amebeba kabati. Shirleen alikuwa na kitabu chake mwenyewe, lakini sikio lilikuwa kwa jirani. Ndipo Maina akachoka koo, akasema kila mtu arudi kwa ushahidi wake kwanza, na yeye akaendelea kimoyomoyo, kwa kasi, huku akilamba kidole.

Hivyo ndivyo Muriuki alivyowakuta. Alikuwa na vijana wawili wa kubeba meza, nailoni tayari imefunuliwa. Akachungulia mlangoni. Kimya. Vichwa vimeinama. Bila kujua anafanya nini, akavua kofia.

"Mama Shiru," akanong'ona. "Wanasoma?"

"Wanasoma, chairman."

"Hao wote?"

"Hao wote."

"Umewapa nini?"

"Vitabu."

Muriuki hakuamini. Mtu aliyeishi kwa miaka mingi na wapiga kura hawezi kuamini kwa urahisi. Akaingia, akamgusa Maina begani. Kezia akaanza kuomba kimya kimya, maombi yasiyokuwa kwenye ajenda.

"Kijana, wewe si ni wa smokie? Nini imekuleta hapa?"

"Ni hiyo bango, chairman," Maina akasema bila kuinua macho. "Kusoma ni bure kabisa."

"Kabisa!" Muriuki akasema. Uso ukang'aa. Mtu kama yeye akisikia neno "bure" mbele ya watu wengi, ulimi unaanza kucheza wenyewe. "Na mimi kama mwenyekiti wenu natangaza hapa. Kusoma ni bure! Jana ilikuwa bure, leo ni bure, na mimi nikiwa kwenye kiti hiki, itaendelea kuwa bure!"

Chumba kililipuka. Watu walisimama, wakapiga viti, wakapiga mluzi. Muriuki hakuwahi kushangiliwa hivyo, hata siku ile maji yaliporudi. Akanogewa.

"Tena mwende nyumbani, mkawaambie watoto wenu hivyo hivyo!"

Makofi yakapungua, yakafa moja moja.

"Hiyo ya watoto," Shirleen akasema, "wacha tuifikirie kwanza, chairman."

"Kufikiria nini? Si mmesema ni bure?"

Watu wakatazamana. Kezia akaona akilini meza ikiingia mlangoni, akaiona kabisa.

"Mimi wangu yuko gredi ya pili," Maina akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Huyo hapana mumwambie kitu. Anasoma, chairman! Juzi amesoma karatasi ya mkate yote, mpaka viungo. Mwalimu anasema hajawahi kuona."

"Ala!" Wanyonyi akapaza sauti. "Si kusoma ni bure, buda?"

"Ya kwangu ni bure. Ya mtoto wangu, koma."

Chumba kizima kikaanguka kwa kicheko, Maina mwenyewe akiwemo. Muriuki hakuelewa kitu, lakini naye akacheka, kwa sababu ni mwiko kwa mwenyekiti kuachwa nyuma na kicheko. Alipomaliza, akajipanguza macho, akakumbuka biashara.

"Sasa niambieni. Hii ni ya kweli, ama mmepangwa mnionyeshe leo tu? Jumamosi ijayo mtarudi?"

Kezia alitamani kujibu, lakini swali halikuwa lake. Aliwatazama wale watu waliomjia kwa makosa.

"Mimi lazima nirudi," Wanyonyi akasema hatimaye. "Kuna mtu hajazikwa."

"Nani hajazikwa?" Muriuki akashtuka. "Wa hapa mtaani? Mbona sijaambiwa?"

Wakamweleza wote kwa pamoja: mjane, dereva, gari, kabati. Mwenyekiti akaketi bila kukaribishwa.

"Huyo dereva ni wa wapi?"

"Haijasema."

"Na watu wa marehemu wako wapi? Hawana mwenyekiti?"

"Wanawafuata na lori la mawe."

Muriuki akatikisa kichwa muda mrefu. Kisha akasimama, akavaa kofia, akawaambia wale vijana wairudishe meza kwake nyumbani, polepole, isikwaruzwe. "Endeleeni na chumba, Mama Shiru. Lakini mkifika pale anazikwa, mnipigie. Mambo ya mazishi hayafai kufanywa bila uongozi."

Alipoondoka, Kezia aliketi kwenye sakafu. Jacklyne akaanza kupanga rangi ya sare. Na Zedekiah, ambaye muda wote huo alikuwa amevumilia kama mtu aliyebanwa na haja, akasimama.

"Tumefika mwisho wa ajenda. Point of order! Ndugu zangu, lile neno bure pale nje maana yake ni bila malipo. Hatukusema kusoma hakuna faida. Tumewakosea, na tunaomba msamaha."

Kezia akafumba macho.

Shirleen ndiye aliyecheka kwanza. "Mzee, kwani sisi ni wageni? Tulijua. Nani hajui bure?"

"Mlijua?"

"Mimi nilijua nikiwa huko barabarani. Lakini nikikaa na kitabu pale Gikomba, hata wateja wananiombea nipite mtihani. Hapa mtu akiniona, namwambia nimekuja maandamano. Nani atanicheka?"

"Hata mimi nilijua," Wanyonyi akasema. "Ile honi nilikuwa napigia huyo fundi. Anaweza kazi."

"Hata mimi," akasema mwingine, na mwingine.

Maina akawageukia mmoja mmoja. "Ngojeni. Nani hakujua?"

Wote wakainamia vitabu vyao.

"Yaani ni mimi peke yangu nilikuja na hasira ya ukweli? Nimeacha mayai stegi! Nimetoa hotuba! Nimetaja ng'ombe wa mzee wangu!"

"Hotuba ilikuwa poa sana," Shirleen akasema. "Hiyo ya wastani nitaiiba."

"Mmenichezea. Mimi nilikuja na msimamo." Akaelekea mlangoni kwa hatua kubwa.

"Basi acha kitabu, buda."

Maina akasimama. Akakitazama kitabu mkononi kama mtu aliyekuta mkono wake kwenye mfuko wa jirani.

"Nitakiacha," akasema. "Wacha nimalize huu ukurasa."

Akaegemea kizingiti. Ukurasa ukaisha, akafunua mwingine, labda kwa bahati mbaya. Akavuta kiti kwa mguu bila kutazama, akakalia. Wengine waliaga na kwenda, wengine wakarudi kwenye vitabu vyao. Zedekiah alikuwa amegundua mwongozo wa zamani wa ufundi wa mabomba, na alikuwa anausahihisha. Jua likaanza kushuka kuelekea mjini. Kezia akasimama na funguo mkononi, akangoja. Hakuna aliyesogea.

"Maina, nataka kufunga."

"Dakika, mathee." Kisha, bila kuinua macho: "Lakini huyu mjane, watamshika?"

"Sijui."

"Si vitabu ni vyako?"

"Ni vya klabu."

"Na hukusoma?"

Kezia akataka kumpa lile jibu la mapokezi. Halikuja. Tangu chumba kifunguliwe alikuwa amefagia, amepanguza, amepanga viti, ameongoza vikao, ameomba maombi ya kufungua na ya kufunga. Alikuwa ameshawishi nusu ya mtaa kwamba kusoma ni kutamu. Yeye mwenyewe hakuwa amefungua hata kimoja.

"Sijapata nafasi," akasema.

Maina akainua macho hatimaye, akamkazia. Hasira yote ikamtoka, akacheka mpaka akashika mbavu. "Wee mathee! Na ulituuliza ushahidi!"

"Nyamaza, watu wanasoma."

Nje, sauti ya Shiru ikasikika ikija kando ya ukuta. "Mum! Mum, shosho anasema kama umekaa tu, uje uangalie chai!"

Kezia akautazama mlango. Akakitazama kile kiti cha mwisho kilichobaki kitupu pale kando ya dirisha. Akachomoa kitabu kutoka kwenye rafu, chochote, kisicho na jalada wala jina.

"Shirleen," akanong'ona, "ukiulizwa, hujaniona."

"Sijakuona tangu asubuhi, mathee."

Akaketi. Maina akageuza ukurasa wake, akanyoosha mguu, na kwa kisigino akausukuma mlango mpaka ukafungika.